Komredi, chuo chako ni cha nani?

Ukitaka kujua jinsi sisi Wakenya tunavyokaa, usipoteze nauli kwenda Bungeni. Ingia mesi ya chuo kikuu chochote saa saba mchana, beba sahani yako ya ugali na sukuma, halafu simama kidogo kabla ya kuketi. Sikiliza meza. Hapa wanacheka kwa Kikuyu. Kule dirishani ni Kijaluo mwanzo mwisho. Karibu na mlango ni Kikalenjin, na pale pembeni wasichana watatu wenye hijabu wanakula haraka haraka kwa Kisomali ili wawahi darasa la saa nane. Na yule msee wa darasa lenu anayetumia kiti cha magurudumu? Hayupo. Mesi iko ghorofani na lifti iliharibika kabla hata hujajiunga na chuo.

Hakuna aliyepitisha sheria kwamba mkae hivyo. Ilitokea tu. Fresha aliingia siku ya kwanza na sanduku lake, akasikia mtu akiongea kama nyumbani, akamfuata. Ni kawaida, na hakuna ubaya mtu kutafuta wa kwao akiwa mgeni. Shida inaanza pale kukaa pamoja mezani kunapogeuka kupigia kura mmoja wenu, kugawiana chumba, kupeana ripoti za maabara na, miaka kumi baadaye, kuajiriana. Meza ya mesi ndiyo mwanzo wa afisi unayoilalamikia kila siku.

Najua ukisikia "usawa" na "kuheshimu tofauti zetu" unapiga miayo. Ni maneno ya mabango ya siku ya kuwapokea wanafunzi wapya. Lakini komredi, maneno haya yana sheria nyuma yake, yana watu waliopigana ili yaandikwe, na kuna waliokufa pale yalipovunjwa. Nipe dakika kumi.

Sheria iko, na ni kali

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kisha kinataja sababu ambazo Serikali haifai kuzitumia kumbagua mtu: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, kabila, tabaka la kijamii, umri, ulemavu, dini, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kadhalika. Soma orodha hiyo tena polepole. Ujauzito umo. Mavazi yamo. Lugha imo. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake kwa sababu hizo. Kwa hivyo mwenye keja anayekuambia "sipangishi watu wa kabila lenu" hana utani. Anavunja Katiba.

Kuna sheria nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka wa 2008, ndiyo iliyozaa tume ya NCIC. Sehemu ya saba ya sheria hiyo inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Chuo kikuu cha umma ni taasisi ya umma. Hesabu ni rahisi: wafanyakazi wakiwa 900, jamii moja isizidi 300.

Sasa tazama chuo chako. Tazama majina kwenye milango ya wahadhiri, kwenye dawati la karo, kwenye lango la askari. NCIC imekagua vyuo vya umma zaidi ya mara moja na kila mara ilikuta vingi vikiwa vimejaa watu wa jamii inayozunguka chuo, kuanzia wafagiaji hadi wakubwa. Hakuna eneo linaloweza kuwacheka wengine. Mlima Kenya wanafanya, Bonde la Ufa wanafanya, Nyanza na Magharibi wanafanya.

Mwaka wa 2016 mambo yalitoka hadharani Eldoret. Prof Laban Ayiro alipoteuliwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, wanasiasa wa eneo hilo, magavana wakiwemo, waliandamana kumpinga kwa sababu hakuwa "wetu". Prof Ayiro aliendelea na kazi, lakini somo lilibaki. Kuna watu wanaoamini chuo ni mali ya kijiji kilichopakana nacho. Wanasahau kwamba kodi ya mvuvi wa Lamu, ya mchuuzi wa Gikomba na ya mfugaji wa Turkana yote imo ndani ya zile kuta.

Utaniuliza, kuna shida gani nikifundishwa na watu wa kabila moja, mradi wanajua kazi? Shida ni kwamba mtoto wa jamii iliyobaki anasoma ishara. Akienda kufuatilia alama zilizopotea na kukuta afisi nzima inaongea lugha asiyoijua, halafu mwenzake anasalimia kwa lugha hiyo na kuhudumiwa mara moja, ameelewa. Mwaka wa nne hataomba kazi pale. Na chuo kitazidi kuwa cha kijiji.

Tulikoonjeshwa uchungu

Kuna tarehe moja ambayo kila mwanafunzi wa Kenya anafaa kuijua kama anavyojua siku yake ya kuzaliwa: Aprili 2, 2015. Alfajiri hiyo magaidi wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa tawi la Moi, na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga vijana kwa dini kabla ya kuwaua.

Fikiria ni akina nani walikuwa katika mabweni yale. Vijana wa kutoka karibu kila pembe ya nchi, waliopelekwa Garissa na mfumo wetu wa kuteua wanafunzi. Ilikuwa Kenya halisi ikisoma pamoja, mahali ambapo kwa miaka mingi Serikali haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Hicho ndicho kilichoshambuliwa. Waliopona walihamishiwa Eldoret kumalizia masomo, na chuo kikafunguliwa tena Januari 2016. Mwaka wa 2017 kilipata hati ya kujitegemea.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema katika kundi la WhatsApp la darasa kwamba "hawa warudi kwao", jua anafanya kazi ya wale waliokuja na bunduki, ila yeye anatumia bando.

Akina dada hawakupewa, walipigania

Leo darasa la uanasheria au la ualimu likiwa na wasichana wengi tunaona kawaida. Rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Unadhani chuo kilimpigia makofi kikamlipa sawa na wanaume? Wahadhiri wanawake walinyimwa marupurupu ambayo wenzao wa kiume waliyapata, mambo kama nyumba. Dhana ilikuwa kwamba mwanamke ana mume wa kumtunza. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya walikataa. Walijaribu hata kugeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi ili waweze kujadiliana na chuo. Mahakama iliwakatalia, lakini baadaye mengi waliyodai yalitekelezwa.

Ilichukua hadi 2006 kwa chuo cha umma kuongozwa na mwanamke, Prof Olive Mugenda alipokuwa naibu chansela wa Kenyatta. Na katika siasa za wanafunzi wa UoN, zile zilizotoa majina makubwa ya nchi hii, mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti alikuwa Anne Mvurya, mwaka wa 2021. Hapo ni zaidi ya nusu karne tangu kiwe chuo kikuu kamili mwaka wa 1970.

Mabadiliko hayo hayakuanguka kama mvua. Mwaka wa 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa ikasema mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na makamu wake wawe wa jinsia tofauti, na nafasi tatu zitengewe wanafunzi wenye mahitaji maalum ya uwakilishi. Sheria hiyohiyo ilileta mfumo wa wajumbe ambao makomredi wengi wanaulaumu, na wana sababu zao. Lakini ukipigania kura ya moja kwa moja irudi, usitupe mtoto wa watu pamoja na maji ya kuoga. Dai kura yako, na zile nafasi zibaki.

Kuna jambo lingine ambalo wasichana huambiana hosteli kwa sauti ya chini. Mhadhiri fulani, ukienda kuulizia alama, anakuambia uje jioni. Wengine wanalicheka hadi limekuwa mzaha. Si mzaha. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, sehemu ya 23, inasema mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kimapenzi tena na tena akijua hatakiwi anaweza kufungwa si chini ya miaka mitatu, au kutozwa faini ya angalau Sh100,000, au vyote viwili. Ukipatwa na hilo, hifadhi jumbe zote. Andika tarehe, saa na mahali. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Nawe kijana wa kiume unayesikia stori hizi na kucheka, mwenzako anaacha kozi kwa sababu yako pia.

Ngazi ni ukuta

Wengi wetu hatujawahi kuhesabu ngazi za kufika ukumbi wa mihadhara. Anayezihesabu ni yule asiyeweza kuzipanda. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu, kufika mahali popote kwa urahisi, na kutumia lugha ya ishara au Breli. Lakini kwenye ratiba ya muhula, darasa lake limepangwa ghorofa ya tatu, na suluhisho lililopatikana ni marafiki wanne wenye mabega mapana. Siku wasipokuja, hasomi.

Kuna mambo hapa yasiyohitaji bajeti hata shilingi moja. Kuhamisha darasa kutoka juu hadi chini ni kazi ya kalamu. Mhadhiri kugeuka na kulikabili darasa anapoongea, badala ya kuongea na ubao, kunamsaidia kiziwi anayesoma midomo. Maandishi yakitumwa mapema kwa simu, kipofu anayasikiliza kwa programu ya kusoma kwa sauti kabla darasa halijaanza. Wewe mwakilishi wa darasa unaweza kuyaomba haya yote wiki hii.

Jumamosi ya mmoja, Ijumaa ya mwingine

Mtihani ukiwekwa Jumamosi, Msabato anachagua kati ya shahada na Mungu wake. Darasa likiwekwa Ijumaa saa saba, Mwislamu anatoka katikati na kukosa mtihani wa kushtukiza. Wengine watakuambia "chuo si msikiti wala kanisa." Sawa. Lakini ratiba yetu ilishaheshimu Jumapili bila mtu yeyote kuomba.

Mahakama ya Rufaa ililiangalia jambo hili mwaka wa 2017, katika kesi ya Kanisa la Waadventista kuhusu wanafunzi wa shule za upili waliolazimishwa masomo ya Jumamosi. Majaji walikubaliana na kanisa kwamba uhuru wa dini ya wanafunzi hao ulistahili kulindwa. Ujumbe kwa wanaopanga ratiba za chuo ni rahisi: ulizeni kwanza. Kusogeza karatasi moja kutoka Jumamosi hadi Jumatatu hakujawahi kushusha kiwango cha elimu ya mtu.

Aliyekosekana kabla ya lango

Haya yote nimeongea kuhusu walioingia. Kuna wale ambao hata lango hawakuliona, au waliliona wakarudi.

Mkopo wa HELB kwa kawaida unahitaji kitambulisho cha kitaifa. Kwako huenda kilikuwa safari moja kwa chifu na picha ya haraka. Kwa kijana Mnubi wa Kibra au Msomali wa Wajir, kwa miaka mingi ilimaanisha kupigwa msasa na kamati, kuulizwa babu alizaliwa wapi, kurudishwa nyumbani kuleta karatasi nyingine. Wengine walifikisha miaka ishirini na kitu bado wanasubiri, wakati barua ya kuitwa chuoni imelala kwenye droo. Rais alitangaza kufuta msasa huo Februari 2025. Kazi sasa ni kuhakikisha tangazo limefika hadi kwa karani wa mwisho.

Halafu kuna doo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na mapato ya familia, na vijana wengi wa familia za mama mboga walijikuta wamewekwa kundi la wanaojiweza. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo ulikiuka Katiba, suala likapelekwa rufaa. Wakati mawakili wanavutana, kuna mtu anapika uji usiku ili asilale njaa.

Mimi sikumaliza chuo. Sitakuchosha na stori, ila nikuambie jambo moja nililoliona mtu akishaanza kukosa karo. Hakuna anayemfukuza. Anakosa CAT moja kwa sababu hana nauli, anaacha kuongea kwenye kundi la darasa, halafu siku moja jina lake linaitwa kwenye rejista na watu wanaangaliana. Kama kuna kiti kitupu darasani kwenu leo, mpigie simu huyo mtu kabla hajawa jina tu.

Sasa ufanye nini?

Sitakuambia uende ukakumbatie watu wa makabila 40 kesho asubuhi. Anza na haya.

Moja, kazi za vikundi. Mwombe mhadhiri apange vikundi kwa kufuata orodha ya usajili, asiwaachie mjichagulie. Mkijichagulia mtarudi meza zilezile za mesi.

Mbili, lugha. Kilugha chako ni urithi wako, kitumie na ujivunie. Lakini katika kundi la darasa, na pale mtu wa tatu anapoketi, geuza. Kiswahili tunacho, Sheng tunayo, na hakuna aliyekufa kwa kuzitumia.

Tatu, kura. Mgombea akija chumbani kwenu na soda, muulize maswali matatu. Timu yako ina watu wa wapi? Mwanafunzi mwenye ulemavu atafikaje afisini mwako? Msichana akisumbuliwa na mhadhiri, hatua yako ya kwanza ni ipi? Akibabaika, kunywa soda yake na umpigie mwingine.

Nne, ulalamike kwa mpango. Ukibaguliwa, anza na afisi ya mkuu wa wanafunzi, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakinyamaza, kuna NCIC kwa mambo ya ukabila, kuna Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na kuna Ombudsman kwa afisi ya umma inayokuzungusha.

La tano ndilo ninalolipenda zaidi, na ni wachache wanaolifanya. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba taasisi ya umma habari ilizonazo. Lazima ujibiwe ndani ya siku 21. Na sikiliza hapa: sheria yenyewe inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huhitaji wakili, huhitaji mwenyekiti, huhitaji mandamano wala kupumua vitoa machozi. Karatasi moja inatosha, na unaweza kunakili hii:

"Kwa Naibu Chansela. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mimi, raia wa Kenya na mwanafunzi wa chuo hiki, naomba kujulishwa yafuatayo: idadi ya wafanyakazi wa chuo kulingana na jamii na jinsia, idadi ya wafanyakazi na wanafunzi wenye ulemavu, majengo ya masomo yasiyo na njia ya kiti cha magurudumu wala lifti inayofanya kazi, na lini yatarekebishwa, na idadi ya malalamishi ya unyanyasaji wa kingono yaliyopokelewa katika miaka mitatu iliyopita, pamoja na hatua zilizochukuliwa."

Weka jina, namba ya simu na tarehe. Mwombe mwenzako wa meza nyingine, yule ambaye hamjawahi kuongea, atie saini yake chini ya yako. Pelekeni pamoja, mgongewe muhuri, kisha muanze kuhesabu siku. Ikifika ya 22 na bado kimya, barua ya pili inakwenda kwa Ombudsman.